Waya wa chuma mlimani hauponyi maradhi ya kimo

Mkazi wa Voi aliyezoea kupanda Vuria, kilele cha Milima ya Taita chenye zaidi ya mita 2,200, asidhani kuwa Lenana, katika Mlima Kenya, ni safari ile ile iliyorefushwa.

Karibu na kilele hicho cha mita 4,985 zimekazwa nyaya za chuma mwambani, mbinu iliyotumiwa na wanajeshi katika milima ya Italia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika hadi Taveta mwaka 1914.

Mpandaji hujifunga mshipi wenye kamba mbili za kulabu. Afikapo penye kigingi, huhamisha kulabu moja, kisha ya pili. Kamwe asizifungue zote kwa pamoja.

Hata hivyo, waya huzuia kuporomoka tu, hauongezi hewa. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, dawa ni kuteremka mara moja.