Mtandao wa ‘pete’: Kwa nini njia moja huzibwa makusudi

Mei 2024 wakazi wa Bungu, Kibiti, na wote wanaotumia Kilwa Road walijifunza thamani ya njia ya pili. Kimbunga Hidaya kilifika Mei 4, barabara ya Dar es Salaam–Lindi ikakatika Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Aliyetaka kwenda Mtwara kwa lami alibaki na njia ya kuzungukia Iringa na Songea. Mbali kweli, ila unafika.

Wanaojenga mitandao ya kompyuta nao huwaza hivyohivyo. Wakimaliza wanaiita pete.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna swichi nne, yaani vile viboksi vyenye matundu mengi ya kebo: Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na Ikwiriri. Intaneti inaingilia Jaribu Mpakani. Zikiungwa kwa mstari, katapila likikata faiba kati ya Bungu na Kibiti, basi Kibiti na Ikwiriri hawana kitu. Ongeza kebo moja kutoka Ikwiriri kurudi Jaribu Mpakani, na kila kituo kina njia mbili.

Tatizo sasa: Ethaneti haiwezi duara. Kuna ujumbe unaotumwa kwa wote, mfano kifaa kikiuliza “nani ana anwani hii?” Swichi huutoa kwenye kila tundu isipokuwa ulikoingilia. Kwenye duara unazunguka, unarudi, unatolewa tena. Pakiti ya IP ina kihesabu kinachoiua ikipita vituo vingi mno. Fremu ya Ethaneti haina. Sekunde chache tu, mtandao wote umejaa ujumbe uleule. Mafundi huita dhoruba. Hata kwenye chumba cha kompyuta inatokea: mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo kwenye swichi moja ya bei rahisi, chumba kizima kinaweza kukosa mtandao.

Kwa hiyo kipande kimoja cha pete kinazibwa. Swichi moja hupewa usimamizi, nayo hufunga tundu lake moja. Kebo ipo, ni nzima, ila haibebi mzigo.

Faiba ikikatika, swichi zilizo jirani na mkato hupiga kelele kwa wenzao, na msimamizi anafungua tundu. Kuna mifumo ambayo msimamizi mwenyewe hutuma ujumbe wa majaribio kuzunguka pete. Usiporudi, anajua kuna mkato. Kisha swichi zote husahau walichokariri kuhusu kifaa gani kiko upande upi, maana pande zimebadilika. Wasiposahau, data itaendelea kupelekwa kwenye mkato.

Yote haya huchukua muda gani? Itifaki ya zamani, STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, huweza kuchukua sekunde 30 hadi 50. Simu yako ya intaneti imeshakatika. ERPS, iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) mwaka 2008, inalenga milisekunde 50. Hutashtuka.

Faiba ikishaungwa, ERPS hairudi haraka. Kwa kawaida husubiri dakika tano, isije ikawa kiungo bado kinachezacheza.

Ila pete huvumilia mkato mmoja tu. Ikikatika sehemu mbili, walio katikati wametengwa. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Watanzania wengi wanakumbuka intaneti ilivyosuasua siku zile. Zile si pete ya swichi, lakini hesabu ni ileile.

Kwa ukanda huu kuna jambo wauzaji hawalisemi sana. Barabara kuu ni moja na Daraja la Mkapa ni moja. Kama kebo ya kwenda na ya kurudi zimefukiwa kwenye mtaro mmoja kando ya lami, korongo moja la mvua linazibeba zote. Kwenye mchoro ni pete, ardhini ni mstari.

Kwa hiyo kama shule, zahanati au chama chenu cha ushirika kinauziwa mtandao wa pete, ombeni ramani ya njia ya pili inapopita. Na kabla ya kulipa, fundi achomoe kebo moja mbele yenu huku mtu akiwa anaongea kwenye simu ya intaneti.