Mchanga usiolimika walisha mji mzima kwa gofu

UKANDA wa ardhi ulio kati ya bahari na mji wa St Andrews, mashariki mwa Uskoti, haungemfaa mkulima. Udongo wake ni mchanga mtupu, hauhifadhi maji wala mbolea, na upepo wenye chumvi huvuma mwaka mzima.

Lakini mgeni anayetaka kucheza gofu juu ya mchanga huo kwa muda wa saa nne hivi hutozwa zaidi ya pauni 300 msimu wa kiangazi, yaani Sh50,000 za Kenya na ushei. Kedi wa kumbebea fimbo hulipwa kando. Na si kila mwenye pesa hupata nafasi.

Waskoti huita ardhi ya aina hiyo linksi. Ni vilima vya mchanga vilivyoachwa na bahari, vikashikwa na nyasi nyembamba zinazostahimili njaa na ukame. Kwa kuwa jembe halikuwa na kazi hapo, wenyeji waliwaachia kondoo, ng'ombe na sungura.

Mifugo hiyo ndiyo iliyotengeneza uwanja kabla ya mashine za kukata nyasi kubuniwa. Sungura walikula nyasi zikabaki fupi kama zulia. Husemwa pia kwamba kondoo walikuwa wakijichimbia kwenye kingo za vilima wakikimbia upepo, na mashimo hayo yakawa mitego ya mchanga inayowatesa wachezaji hadi leo. Uwanja mkongwe wa St Andrews, Old Course, una mitego 112.

Mkulima aliyezoea kununua DAP na CAN kila msimu angeshangaa kuona jinsi nyasi hizo zinavyotunzwa. Zikilishwa sana, nyasi nene huingia na kuzifukuza zile nyembamba zinazotakiwa. Dawa yao kubwa ni mchanga. Tom Morris, aliyesimamia uwanja huo kuanzia miaka ya 1860 hadi 1903, alikuwa akinyunyiza mchanga juu ya nyasi kila mara. Husimuliwa kwamba aliugundua ujuzi huo kwa bahati tu, toroli la mchanga lilipomwagika na nyasi za mahali pale zikachipuka vizuri kuliko zingine.

Udongo huo pia una faida ambayo viwanja vya bara havina. Mvua ikinyesha asubuhi, maji huzama mara moja, na mchezo huendelea bila tope. Biashara haifungwi ovyo kwa sababu ya mvua.

Hata hivyo, mji wa St Andrews ulikaribia kuipoteza ardhi hiyo, tena kwa sababu ya sungura.

Haki ya wenyeji kucheza gofu, kulisha mifugo na kukata magamba ya nyasi hapo iliandikwa katika hati ya mwaka wa 1552, wakati Askofu Mkuu John Hamilton alipopewa ruhusa ya kufuga sungura kwenye ukanda huo. Pande zote mbili ziliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 200. Mnamo 1797, baraza la mji lililokuwa limefilisika liliuza ardhi hiyo, nayo ikaishia mikononi mwa wafanyabiashara waliofuga sungura kwa ajili ya nyama na ngozi.

Sungura walizaana, wakatoboa uwanja kila mahali. Wachezaji walikwenda mahakamani, nao wenyeji wakawa wanawaua sungura hao. Mvutano uliendelea hadi 1821, mwenye shamba jirani, James Cheape, aliyekuwa mpenzi wa gofu, alipoinunua ardhi hiyo na kuuokoa uwanja. Mwaka wa 1894, kwa sheria ya Bunge, ikarudi mikononi mwa mji.

Tangu 1974 inasimamiwa na wakfu wa St Andrews Links Trust. Mapato hurudi katika kutunza viwanja, ambavyo sasa ni saba, wala hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Mkaazi wa mji hununua tikiti ya mwaka kwa bei ambayo mgeni akiisikia huuma kidole.

Siku ya Jumapili, Old Course hufungwa, isipokuwa kunapokuwa na mashindano makubwa. Wenyeji huingia na watoto na mbwa wao, wakatembea palepale ambapo Jumamosi mgeni alilipa maelfu. Katikati ya wiki pia, njia ya umma hukatiza uwanja kuelekea ufuo wa West Sands, na mchezaji hulazimika kusubiri mama na mtoto wake wapite.

Mgeni anayepanga kucheza hapo anahitaji subira kuliko pesa. Nafasi nyingi za Old Course hutolewa kwa kura. Wachezaji wawili au zaidi huwasilisha majina yao siku mbili kabla, kisha matokeo hutangazwa. Anayesafiri peke yake alikuwa akipanga foleni usiku kucha, baridi ikimng'ata, akitumaini kuingizwa kwenye kundi lenye pengo. Mwaka wa 2024 foleni hiyo iliondolewa, ikaletwa kura ya kidijitali.

Ni muhimu pia kubeba cheti cha handikapu, kwani asiyeujua mchezo huwachelewesha wengine. Wanaokosa kura huangukia viwanja vya jirani, kama vile New Course, ambao licha ya jina lake ulifunguliwa 1895. Msimu wa baridi ada hushuka, ila mchana huwa mfupi na upepo ni mkali.

Kwa mfanyabiashara mdogo, cha kutazamwa ni kile kinachofanyika nje ya uwanja. Mchezaji aliyekosa kura Jumatatu hulala mjini akijaribu Jumanne. Hapo ndipo wenye nyumba za kulala wageni, mikahawa, teksi na maduka ya fimbo na fulana wanapopata riziki. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi wake hawafiki 20,000, na una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka wa 1413. Mashindano ya The Open yalipofanyika hapo 2022, mashabiki walioingia kwa wiki nzima walikuwa 290,000. Yamepangiwa kurudi 2027.

Si kila ufuo uliogeuzwa uwanja wa gofu ulileta amani. Kaskazini zaidi, karibu na Aberdeen, uwanja wa Donald Trump ulifunguliwa 2012 baada ya vita vya miaka mingi. Wenyeji waliahidiwa nafasi za kazi 6,000, lakini zilizopatikana ni chache mno kuliko hizo. Mkulima mmoja jirani alikataa kabisa kuuza shamba lake. Nayo matuta ya mchanga yaliyokuwa yakilindwa kwa sababu ya umbo lake adimu yaliondolewa katika orodha ya ulinzi mwaka wa 2020, kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa imeharibiwa.

Katika kisiwa cha South Uist, magharibi mwa Uskoti, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Uwanja wa Askernish, ambao Tom Morris aliupanga 1891, ulikuwa umesahaulika chini ya nyasi hadi ulipotambuliwa tena 2005. Mwaka uliofuata, wenyeji walinunua sehemu kubwa ya kisiwa chao, na uwanja ukafunguliwa upya 2008.

Hata huko palikuwa na ugomvi. Baadhi ya wafugaji wadogo walikwenda mahakamani wakihofia kunyimwa malisho, na hofu yao haikuwa ya bure, kwani mifugo ilitangulia gofu. Leo majira ya baridi ng'ombe na kondoo hulishwa uwanjani, nao wageni huja majira ya joto.

Huko Lahinch, magharibi mwa Ireland, mbuzi ndio wamekuwa nembo ya klabu. Wakishuka kutoka vilimani na kujisogeza karibu na nyumba ya klabu, wachezaji hujua mvua inakuja. Chombo cha kupimia hali ya hewa kilipoharibika, ilitundikwa ilani ya kuwaelekeza watu wawatazame mbuzi.

Pwani ya Kenya nayo ina historia yake katika mchezo huu. Klabu ya Gofu ya Mombasa, yenye mashimo tisa juu ya majabali ya bahari, ilianzishwa 1911. Vipingo, Kaunti ya Kilifi, eneo lililojulikana zaidi kwa mkonge, sasa kuna uwanja wa Vipingo Ridge, ambako mashindano ya wanawake ya Kenya Ladies Open yalichezwa mara ya kwanza Desemba 2019. Mjerumani Esther Henseleit ndiye aliyeibuka mshindi.

Tofauti ni kwamba Vipingo ni mali ya kibinafsi yenye nyumba za kuuzwa, na jua la Kilifi halisamehe nyasi bila maji ya kunyunyizia. Anayeuza mboga, mayai, samaki au madafu karibu na hapo hana njia ya umma ya kukatiza uwanja kama wenyeji wa St Andrews. Njia yake ni jikoni: kupatana na hoteli na nyumba za wageni, kujua wiki za mashindano mapema, na kuwa na mzigo wa kutosha siku wageni wanapofika.