Nyoka wa Nyumbani Hana Sumu

Ni usiku. Mama anaingia stoo na tochi kuchukua unga, na nyuma ya magunia anamwona nyoka. Kelele zinapigwa, baba anakuja na jembe, na asubuhi watoto wanamwonyesha kila apitaye. Sisi tunauliza: aliyeuawa alikuwa nani?

Mara nyingi ni nyoka wa nyumbani. Rangi yake ni ya kahawia, pengine huelekea wekundu, na mwili wake hung'aa kama uliopakwa mafuta. Alama yake kubwa iko kichwani: kila upande ana mistari miwili myembamba ya rangi ya maziwa, mmoja ukipita juu ya jicho na mwingine chini yake. Wengi hawafiki urefu wa mita moja, na jike humzidi dume. Mchana hujificha chini ya mawe, matofali au kuni. Usiku hutoka kuwinda. Hutaga mayai kumi hivi, nayo huanguliwa baada ya miezi miwili au mitatu bila mama kuyalalia.

Hana sumu hata kidogo. Humkamata panya kwa mdomo, humzungushia mwili na kumbana mpaka afe, kama afanyavyo chatu, kisha humeza mzima. Tena huingia ndani kabisa ya shimo na kula watoto wa panya, mahali ambapo paka hafiki. Hapo ndipo afya inapohusika. Panya hachafui mahindi tu: mkojo wake hueneza homa ya leptospira, na viroboto vyake hueneza tauni. Ndugu zetu wa Lushoto wanaikumbuka tauni iliyoanza huko mwaka 1980.

Lakini hatusemi mmshike! Swila naye huingia nyumbani usiku kuwafuata panya hao hao, na gizani ni rahisi kukosea. Ondoeni watoto, acheni mlango wazi, simameni mbali, naye atajiendea.

Akimwuma mtu, nyoka wa nyumbani huacha vialama vidogo vya meno tu. Osheni kwa maji na sabuni. Ila kama hamna hakika kabisa ni nyoka gani, mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, kiungo kilichoumwa kikiwa kimetulizwa kisitikisike. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Na lile jiwe jeusi, ambalo tukubali kwamba hata baadhi ya misheni zililigawa kwa nia njema, halivuti sumu kutoka mwilini. Wengi wamepoteza saa za thamani wakilingojea lidondoke lenyewe.

Nafaka iwekwe kwenye madebe yenye vifuniko, na kuni zipangwe mbali na nyumba. Anayelala chini atumie chandarua, akichomeke vizuri chini ya mkeka: huzuia mbu, na nyoka pia.