Kufundisha Ulinganisho wa Nchi Mbili: Gesi za Joto Zitokazo Mashambani

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa Jiografia afundishaye Masasi, Newala na kwingineko, anapofundisha namna ya kulinganisha nchi mbili kwa kipindi cha miaka mingi. Mfano tuliouchagua ni Tanzania na Msumbiji, na jambo linalolinganishwa ni gesi ziongezazo joto la dunia zitokazo katika kilimo cha mazao. Nchi hizi hutenganishwa na mto Ruvuma, na Wamakonde huishi pande zote mbili. Hivyo mwanafunzi haanzi na jambo geni.

(a) Kubainisha kinachohesabiwa. Gesi kuu hapa ni mbili. Methani hutoka katika majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, na oksidi ya naitrojeni hutoka katika udongo uliotiwa mbolea. Zote mbili hutoka pia mabua yanapochomwa shambani. Hewa ya ukaa itokayo katika mabua hayo haihesabiwi, kwa kuwa mimea ya msimu ufuatao huifyonza tena. Mwalimu awaulize wanafunzi ni lipi kati ya hayo hutendeka katika mashamba ya kwao.

(b) Kuchagua kipimo. Mwalimu aandike ubaoni mfano wa kubuni: nchi ya kwanza hutoa tani 600 katika hekta 300, nchi ya pili tani 400 katika hekta 100. Kwa jumla ya kwanza imezidi. Kwa kila hekta ya pili imezidi maradufu. Majibu yote mawili ni sahihi, ila hujibu maswali tofauti.

(c) Kuchagua mwaka wa kuanzia. Tutumie korosho, zao linalojulikana kwa kila mtoto wa Newala. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Aanzaye na 1973 huona anguko, naye aanzaye na 1986 huona ustawi mtupu. Ndivyo ilivyo kwa gesi pia. Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa huanzia mwaka 1961; hapana budi grafu ichorwe yote.

(d) Kutafuta sababu. Hapa ndipo penye uzito wa somo. Vita vya Msumbiji vya 1977 hadi 1992 viliwafukuza watu wengi mashambani. Mahali ambapo watu wamekimbia, mpunga haulimwi wala mbolea hainunuliwi, na gesi hupungua. Mstari ushukao, basi, si ushahidi wa kilimo bora. Kadhalika, mkulima asiyetia mbolea kwa kukosa fedha hachafui hewa sana, lakini ghala lake huenda likawa tupu. Mwanafunzi asiyefundishwa jambo hili ataisifu dhiki kana kwamba ni hekima, au atamlaumu mkulima aliyeanza tu kupata mavuno ya kutosha.

Mwishoni, tunapendekeza kila mwanafunzi aandike aya mbili: ya kwanza ieleze grafu inaonyesha nini, ya pili ieleze ni mambo gani grafu hiyo peke yake haiwezi kuyaonyesha. Mwalimu asahihishe ya pili kwa uangalifu zaidi, kwa maana humo ndimo atakamojua kama somo limeeleweka.