Barafu ya Hoki Humwagiwa Maji Moto

Watu wengi huamini kwamba hoki ya barafu ni mali ya nchi za baridi kama nazi ilivyo mali ya pwani: Kanada, Uswidi, Ufini na Urusi hutwaa medali kwa kuwa mbingu zimewajalia theluji, na sisi wengine tubaki watazamaji. Historia inakanusha. Hoki ya wanaume iliingia Olimpiki Aprili 1920 mjini Antwerp, Ubelgiji, katika michezo ya kiangazi, miaka minne kabla ya Olimpiki ya Majira ya Baridi kuanza kule Chamonix, Ufaransa. Barafu ilitengenezwa kwa mitambo ndani ya jengo, na Kanada wakaondoka na dhahabu. Ni kweli kwamba mchezo ulizaliwa juu ya mito na maziwa yaliyoganda, na kwamba mtoto aliyeanza kuteleza akiwa na miaka mitatu ana faida kubwa. Hilo linaeleza nani anacheza vizuri. Uwanja ni suala jingine: barafu ya leo huundwa na mafundi, tena mafundi ambao kamera hazina habari nao.

Chini ya barafu kuna sakafu ya zege yenye mabomba yanayopitisha maji ya chumvi au glaikoli iliyopozwa chini ya sifuri, na nyuma ya ukuta kuna kompresa zinazofanya kazi kwa kanuni ileile ya friji. Maji hunyunyizwa tabaka kwa tabaka, kila moja likiachwa ligande kwanza. Kati ya matabaka hupakwa rangi nyeupe, maana barafu tupu ingeonyesha zege, kisha huchorwa mistari, halafu maji tena, hadi unene wa sentimita tatu hivi. Kwenye Olimpiki ya mwaka 2002 huko Salt Lake City, fundi barafu kutoka Kanada, Trent Evans, alifukia sarafu ya dola moja ya nchi yake katikati ya uwanja. Wanaume wa Kanada wakawafunga wenyeji Marekani 5–2 na kupata dhahabu yao ya kwanza tangu 1952. Wanawake wao nao walishinda. Leo sarafu hiyo iko kwenye makumbusho ya hoki mjini Toronto. Wapenda ushirikina waseme watakavyo. La maana ni kwamba palikuwa na matabaka ya kuifukia.

Maajabu zaidi yako kwenye mapumziko. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na kila kipindi makali ya viatu huuacha uwanja umejaa mifereji na unga wa barafu. Hapo huingia mashine iliyobuniwa na Frank Zamboni mwaka 1949 huko Paramount, California, mji usio na habari na theluji. Zamboni alikuwa mfanyabiashara wa mabonge ya barafu. Friji zilipoingia majumbani aliona biashara inakufa, akageukia uwanja wa kuteleza. Kabla ya mashine yake, watu watatu au wanne walihangaika zaidi ya saa nzima kukwangua, kuzoa na kumwagia. Sasa wembe mpana hunyoa utando mwembamba, parafujo hukusanya unga na kuupandisha tangini, maji ya kuosha hutoa uchafu mikwaruzoni, na nyuma kabisa kitambaa kinachoburutwa hueneza maji moto, mara nyingi ya nyuzi 60 hivi. Kwa nini moto? Maji baridi yakigusa barafu iliyo nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri huganda haraka mno, kabla hayajajaza mikwaruzo, tena hunasa hewa. Hewa hiyo unaiona kwenye kipande cha barafu cha friji ya nyumbani: kingo angavu, katikati ukungu mweupe. Barafu ya namna hiyo humeguka upesi. Maji moto yamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya hewa, na huyeyusha kidogo ngozi ya barafu ya zamani ili vigande pamoja. Ndipo kisahani cha mpira mgumu, chenye gramu 156 hadi 170, ambacho nacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde, hupita kimelala badala ya kurukaruka.

Mpinzani atasema kuna viwanja vinavyotumia maji yasiyopashwa na barafu yake haina kasoro. Ni kweli, lakini maji hayo kwanza hupitishwa kwenye kifaa kinachoyatoa hewa. Hoja ya hewa inasimama. Kilichobadilika ni njia ya kuiondoa. Pingamizi zito zaidi ni umeme: je, si ufujaji kugandisha uwanja wa mita 60? Ufujaji mkubwa uko kwenye joto. Kompresa haiumbi baridi, inahamisha joto kutoka sakafuni kwenda nje, na joto hilo linaweza kupasha maji ya mashine na ya mabafu. Uwanja unaolitupa hewani huku ukichoma gesi kupasha maji ya jengo hilohilo hauna utetezi. Gesi za kupozea nazo zina deni lake: Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana zile zinazoharibu ozoni, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yanapunguza zilizozirithi, kwa kuwa zinapasha dunia joto. Kwenye Olimpiki ya Beijing 2022 waligandisha uwanja wa mbio za kuteleza kwa kaboni dioksidi, kwa hiyo njia ipo.

Hata karibu na ikweta inawezekana. Hoteli ya Panari, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, humo ikakulia timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Uwanja ni mdogo kuliko kiwango cha kimataifa; kinachokosekana ni nafasi, vipaji vipo. Atakayesema hiyo ni anasa akumbuke kwamba ujuzi uleule wa mabomba na kompresa ndio unaotunza samaki, maziwa, chanjo, damu, maua ya kuuza nje, vyumba vya kompyuta, na kadhalika. Fundi friji tunamthamini siku nyama inapooza tu. Nchi inaweza kuamua kwamba ina mambo ya maana kuliko hoki, na huenda ikawa sahihi. Ila isisingizie jua.