Mtoto awashitaki wazazi kwa kumzaa

Mvulana mwenye pingu mikononi amesimama mbele ya jaji mjini Beirut. Anaulizwa kwa nini anawashitaki wazazi wake, naye anajibu kwamba ni kwa sababu walimzaa.

Hiyo ndiyo kesi iliyomo katika Capernaum, filamu ya Nadine Labaki wa Lebanon iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes mwaka 2018. Zain hana cheti cha kuzaliwa. Hata umri wake, takriban miaka 12, daktari anaukisia kwa kutazama meno. Dada yake Sahar, wa miaka 11, anaozwa kwa mwenye duka.

Zain anatoroka nyumbani na kupokewa na Rahil, Mhabeshi asiye na vibali, anayemficha mwanawe kazini. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atakaa sawa. Chini ya utaratibu wa kafala, ukaazi wa mtumishi wa nyumbani hutegemea mwajiri wake. Akiondoka bila ridhaa yake huwa mkosaji, na wasichana wetu waliokwenda Lebanon na Ghuba wanalijua hilo vyema. Yordanos Shiferaw, aliyeigiza Rahil, alikamatwa kweli kwa kukosa vibali filamu ikiwa bado inapigwa!

Baadhi ya wakosoaji walidai filamu inawalaumu mno wazazi maskini. Lakini mama yake Zain naye anapewa nafasi mahakamani, na maneno yake ni mazito kuliko ya wakili.

Zain Al Rafeea mwenyewe, mkimbizi wa Syria, alihamia Norway na familia yake mwaka 2018.