Magurudumu Manne Hayashindi Mto

Masika ya pwani yetu ya Tanga huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei, kisha vuli hurudi kuanzia Oktoba. Katika miezi hiyo sisi tunaofanya kazi ya uuguzi na kujitolea kanisani huku Pongwe huzitazama safari za familia kwa jicho jingine. Barabara itokayo Tanga mjini kwenda Muheza na Segera inapita hapa kwetu. Malori ya saruji hupita, mabasi ya Arusha na ya Dar es Salaam hupita, na siku hizi yamezidi magari madogo ambayo injini yake huyasukuma magurudumu yote manne. Vijana huyaita fowili. Wenye Subaru ndio wanaosifika zaidi kwa kujivunia magari yao, ingawa hawako peke yao.

Hatuna ugomvi na gari hilo. Mama mjamzito aliyeshushwa kutoka njia ya Amani wakati wa mvua, na akafika salama, mara nyingi ameletwa na gari la aina hiyo. Ugomvi wetu ni ile imani ya mwenye gari kwamba akishalinunua, tope na mto vimekwisha nguvu. Imani hiyo ndiyo inayowaingiza watoto wetu majini.

Tuanze na tope. Njia ya Muheza kwenda Amani hupanda kwenye milima ambayo hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na udongo wake mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Gari la kawaida likifika hapo huanza kuserereka mapema, tairi za mbele zikazunguka bure, na dereva akajua kwamba leo njia ni mbaya. Amekwisha kuonywa. Gari la magurudumu manne halimwonyi mwenyewe. Linapanda tu kwa raha, naye anaongeza mwendo, akiamini kwamba barabara ni nzuri kumbe ni gari lililo zuri. Kisha inakuja kona ya kuteremka, na hapo ndipo hesabu inapogeuka. Nguvu ya kusukuma magurudumu manne ni ya kuondoka na ya kupanda. Kwenye kusimama haina msaada wowote, kwa sababu breki za kila gari, hata lile bovu la jirani, hushika magurudumu yote manne. Kinachosimamisha gari ni tairi linavyouma ardhi. Fowili yenye tairi kipara ni hatari kuliko gari dogo lenye tairi mpya, na hili akina baba wengi hawapendi kulisikia, hasa kama fedha za tairi zimekwenda kwenye spika za redio.

Wenzetu walioko nchi za baridi wanalijua somo hili kwa njia ya theluji na barafu. Huko nako wenye magari ya magurudumu manne huwapita wenzao kwa majivuno, na baadaye huonekana mtaroni. Jimbo la Quebec nchini Kanada limelazimisha tangu mwaka 2008 magari ya abiria yafungwe tairi maalumu za majira ya baridi, na kwa sasa muda wake ni kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Sheria hiyo haimsamehi mtu kwa kuwa gari lake linasukuma magurudumu manne. Mwenye ndugu aliyehamia huko amwandikie, maana mgeni wa theluji huuziwa gari kwa maneno matamu.

Lakini kwetu jambo zito ni maji. Tope hukuchafua na kukuchelewesha, bali mto hauna subira.

Mama, chukua sufuria kubwa uiweke ndani ya beseni la maji. Ni ya chuma, ni nzito, lakini inaelea kwa sababu ndani yake mna hewa. Gari nalo ni sufuria. Gari lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.7, maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya sakafu yake hulinyanyua kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600. Yakipanda sentimita 20 yamekwisha kubeba sehemu kubwa ya uzito wa gari la familia, na tairi hazikanyagi tena chini kwa nguvu. Hapo magurudumu manne yanazunguka yote, na yote manne hayashiki kitu. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huwaambia watu wao kwamba maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi huweza kuchukua magari mengi madogo, na sentimita 60 huyachukua hata mengi ya yale makubwa. Sentimita 60 hazifiki kiunoni kwa mtu mzima.

Aidha, injini hunywa maji. Inavuta hewa kwa mdomo wake, na mdomo huo ukizama injini huzimika papo hapo, katikati ya mto.

Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki na ndugu zao wakielekea harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, ambao maji yake yalikuwa yamefunika daraja. Watu walisimama ukingoni wakitazama. Basi likainama, likazama. Walikufa watu zaidi ya 30, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Hilo lilikuwa basi, si fowili, lakini wazo ni lile lile, kwamba gari kubwa halichukuliwi na maji. Huku kwetu nako, tarehe 12 Aprili 2024, basi dogo la shule lilitumbukia katika korongo lililojaa maji jijini Arusha, na wanafunzi wasiopungua 7 wakapoteza maisha. Mwezi huo huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 na kujeruhi 236.

Sasa, mke afanye nini, naye si yeye aliyeshika usukani? Swali hili huulizwa sana katika vikundi vyetu vya akina mama, na jibu letu ni kwamba maneno yasemwe nyumbani, kabla ya safari. Mume aliyefika ukingoni, nyuma yake kuna magari matatu ya marafiki wanaopiga honi, hasikii tena la mtu. Kurudi nyuma mbele ya wenzake anaona kama kupigwa ngumi. Basi kubalianeni jioni ile mnapofungasha mizigo kwamba tukikuta maji yanapita juu ya barabara na hatuoni lami, tunageuza. Wapigieni simu wenyeji wa harusi au msiba kwamba huenda mkachelewa. Chukueni chakula cha watoto na kanga za kujifunika. Familia iliyojiandaa kusubiri haina haraka ya kuvuka.

Na kama hayakusemwa nyumbani, yako maneno yasiyovunja heshima. "Baba Neema, mimi na watoto tutashuka hapa, tutasubiri maji yapungue." Si matusi, si kumfundisha udereva. Wanaume wengi hawavuki mto wakiiacha familia yao ukingoni. Na hayo ya kupungua si porojo: vijito vitokavyo milimani hujaa ghafla na mara nyingi hupungua saa chache baada ya mvua kukoma huko juu. Ila kumbukeni kwamba vinaweza kujaa hapa chini kwenye jua kali, kwa sababu mvua ilinyesha Amani.

Ikiwa gari limekwisha kuingia na linaelea, kila mmoja afungue mkanda, na vioo vishushwe mara moja kabla umeme haujakatika, maana mlango unaosukumwa na maji haufunguki. Watoto watangulie kupitia dirishani, wapande juu ya paa.

Mtoto aliyetolewa majini bila kupumua asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo, kama tunavyoona watu wakifanya. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidevu, apulizwe pumzi tano, kisha akandamizwe kifua huku mkiendelea kumpuliza mpaka msaada ufike. Yule aliyemeza maji akakohoa na kuzinduka, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama amekwisha kuanza kucheza. Maji yaliyoingia kwenye mapafu huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, usiku, mkiwa mmelala.